Walifika Wangapi?

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili nilipomsaidia mjomba wangu kuswaga ng'ombe kumi na tisa kwenda mnadani, mwendo wa siku mbili kwa miguu katika kiangazi cha Usukumani, na siku zote hizo mbili nilijiona kauboi. Katika kibanda cha video cha pale senta nilikuwa nimekwisha kutazama filamu za kutosha kujua namna kauboi anavyosimama, anavyotema mate na anavyokaza macho akitazama mbali, kwa hiyo nilijikatia kijiti kifupi chenye kipindo, nikakichomeka kiunoni upande wa kulia, tayari kwa lolote. Mjomba alikitazama kile kijiti, hakusema neno, akanipa kazi ya kutembea nyuma kabisa ya kundi. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimemeza vumbi la kunitosha maisha yangu yote, na jioni yake mtamba mmoja mwekundu akaanza kuchechemea, tukalazimika kumsubiri kila baada ya hatua mia. Tulipoingia mnadani siku ya pili hakuna aliyetuuliza habari za ushujaa. Kila aliyemjua mjomba alimwamkia, kisha akauliza jambo moja tu: "Mmefika nao wangapi?"

Swali hilo lilinirudia miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma, safari hii vitabuni, kuhusu makauboi wenyewe wa karne ya kumi na tisa, waliotoa ng'ombe Texas na kuwapeleka kaskazini na magharibi ya Marekani. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba filamu zilikuwa zimenificha jambo ambalo mtu yeyote wa kwetu angelitambua mara moja: yule bwana mwenye kofia pana alikuwa mchungaji, tena mchungaji wa kuajiriwa, akichunga mali ya mtu mwingine kwa mshahara wa dola 25 hadi 40 kwa mwezi. Kazi yake ilipimwa kwa kipimo kilekile cha mnada wetu. Bastola haikuwa na nafasi kubwa katika hesabu hiyo.

Chanzo cha safari zile kilikuwa bei. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, wanaume wa Texas walirudi nyumbani wakakuta ng'ombe wa pembe ndefu wamezaana ovyo porini, mamilioni kwa mamilioni, wengi wao hawana hata chapa. Ng'ombe mmoja pale Texas aliweza kuuzwa dola 4, na mara nyingine hata mnunuzi hakupatikana, ilhali katika miji ya kaskazini iliyokuwa na njaa ya nyama ng'ombe huyohuyo aliweza kufikia dola 40. Kati ya bei hizi mbili kulikuwa na mamia ya maili bila reli. Kitu pekee kilichoweza kuuvuka umbali huo kwa gharama nafuu kilikuwa ng'ombe mwenyewe, kwa kwato zake, na hapo ndipo alipohitajika mtu wa kumfuata.

Wasomaji wengi wamekwisha kusikia habari za Abilene, kijiji cha Kansas ambako mfanyabiashara Joseph McCoy alijenga mazizi na hoteli kando ya reli, akasafirisha mabehewa 20 ya kwanza ya ng'ombe kuelekea Chicago tarehe 5 Septemba 1867. Mimi safari inayonivutia ni ya mwaka mmoja kabla ya hapo, nayo haikuelekea kwenye reli. Mwaka 1866 Charles Goodnight, kijana wa miaka thelathini, aliungana na mfugaji mzee zaidi aitwaye Oliver Loving, wakakusanya ng'ombe wapatao 2,000 na vijana 18, wakaondoka Texas kuelekea upande ambao wengine waliukwepa, yaani magharibi, kisha kaskazini kufuata mto Pecos hadi Fort Sumner katika eneo la New Mexico.

Waliukwepa kwa sababu ya maji. Kati ya vyanzo vya mto Concho na kivuko cha Pecos kinachoitwa Horsehead kulikuwa na karibu maili 80, kama kilomita 130, za nyika isiyo na hata dimbwi. Mtu asiyewahi kuchunga husoma takwimu hiyo na kupita. Mchungaji husimama hapo na kupiga hesabu: kundi lililokuwa likitembea kwa mwendo wake wa kawaida, likila majani huku likisonga, lilifanya maili 10 hadi 15 kwa siku, na ng'ombe wa kiangazi hawezi kukaa siku sita bila maji. Goodnight na Loving waliwanywesha hadi wakaacha wenyewe, kisha wakawasukuma usiku na mchana bila kulala. Ng'ombe mwenye kiu hatulii akilala. Huzungukazunguka usiku kucha na kujimaliza nguvu, hivyo kumpumzisha ni kumwua. Ulimi unavimba, macho yanaingia ndani, na kundi ambalo jana lilikuwa likilia mfululizo linanyamaza. Mjomba angekuambia kwamba ukimya huo ndio wa kuogopwa.

Kisha upepo ukaleta harufu ya mto. Kundi lililokuwa likijikokota likatimua mbio, halikuzuilika, likajitumbukiza Pecos kutoka kwenye kingo zilizosimama kama ukuta. Wa nyuma wakawarukia wa mbele, wengine wakazama, wengine wakanasa kwenye mchanga unaodidimiza, na palipokuwa na madimbwi ya magadi, waliokunywa hapo walikufa papo hapo. Kwa jumla walipoteza mamia kadhaa, kati ya kiu ya njiani na mto wenyewe.

Kuna hasara nyingine katika safari ile ambayo haikutokana na mto wala kiu, nayo kwangu ni nzito zaidi kuisoma. Kundi lilikuwa na majike, na majike huzaa popote. Ndama aliyezaliwa usiku hawezi kutembea maili kumi na mbili asubuhi yake, kwa hiyo kila alfajiri kabla ya kuondoka, ndama wachanga waliuawa kwa risasi. Hapa ndipo bastola ilipofanya kazi yake ya kila siku, wala hakuna filamu niliyoiona ikionyesha jambo hilo. Goodnight hakulipenda. Katika safari za baadaye alitenga gari la kukokotwa la kubebea ndama, akakutana na tatizo ambalo kila mfugaji analijua: jike humtambua mwanawe kwa harufu, na ndama wakibanana pamoja kutwa nzima, harufu zao huchanganyika, jioni mama humnusa mwanawe na kumkataa. Dawa aliyoipata ilikuwa magunia. Kila ndama aliingizwa ndani ya gunia lake peke yake, na kesho yake alirudishwa ndani ya gunia lilelile, hata harufu isihame.

Jambo lingine la kusema kuhusu safari ya 1866 ni mnunuzi alikuwa nani, maana ndipo pale ambapo hadithi ya ujasiri inaacha kuwa nyepesi. Fort Sumner ilikuwa kambi ya jeshi, na kandokando yake, mahali palipoitwa Bosque Redondo, serikali ya Marekani ilikuwa imewafungia Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili, wapatao 8,000. Wanavajo walifikishwa pale baada ya kampeni ya kamanda Kit Carson ya 1863 na 1864, ambayo wanajeshi wake walichoma mashamba ya mahindi, wakakata miti ya matunda na kutwaa mifugo, kisha wakawatembeza watu hao mamia ya maili hadi kambini. Ardhi ya Bosque Redondo haikuotesha kitu cha kutosha, na wafungwa walikuwa wakifa njaa. Serikali ilihitaji nyama, ndiyo sababu wasimamizi wake walikubali kulipa senti 8 kwa ratili moja ya ng'ombe aliye hai, bei iliyowashangaza Goodnight na Loving wenyewe. Wafugaji waliopokonywa kondoo na mbuzi wao walilishwa ng'ombe wa watu wengine, na tofauti ya bei ikaitwa bahati ya magharibi. Mwaka 1868 Wanavajo waliweka mkataba na serikali wakaruhusiwa kurudi kwao.

Goodnight alirudi Texas na dola 12,000 za dhahabu mgongoni mwa nyumbu wa mizigo, yule mtoto wa punda na farasi. Usiku mmoja radi ilipopiga, nyumbu alikurupuka. Goodnight alishika kamba akaburutwa gizani, dhahabu ikapona, chakula kikatawanyika porini chote. Siku zilizofuata yeye na wenzake watatu walisafiri na utajiri ambao hawakuwahi kuuota, huku matumbo yakinguruma, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipoona jinsi dhahabu isivyoweza kumnunulia mtu hata funda la maji.

Naomba sasa nieleze kazi yenyewe ya siku hata siku, maana hilo ndilo lililonifanya nimkumbuke mjomba. Kundi la ng'ombe 2,500 hivi lilisafiri na wachungaji kumi au kumi na wawili, mpishi, kijana wa kutunza farasi, na mkubwa wao, ambaye katika Kiswahili cha misafara ya zamani tungemwita mnyapara. Wawili wenye uzoefu walitangulia pembeni mwa ng'ombe wa mbele, wengine walijipanga ubavuni, na nyuma kabisa waliwekwa vijana wageni wa kazi, kazi yao kuwasukuma viwete, wavivu na wachovu. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Kitambaa kile cha shingoni ambacho filamu zimetufundisha kukihusisha na majambazi kilikuwa cha watu wa nyuma, cha kuziba pua na mdomo dhidi ya vumbi la kwato elfu kumi. Kila mchungaji alikuwa na farasi sita hadi kumi wa kubadilisha, kwa kuwa farasi mmoja asingeihimili kazi hiyo, na kwa kawaida farasi hao walikuwa mali ya tajiri. Tandiko ndilo lililokuwa lake, nalo huenda liligharimu mshahara wa mwezi mzima au zaidi.

Mtu muhimu baada ya mnyapara alikuwa mpishi, aliyelipwa kuliko wachungaji na kuogopwa nao. Gari lake la jikoni ni ubunifu wa Goodnight huyohuyo, ambaye mwaka 1866 alichukua gari la jeshi lenye ekseli za chuma akalifungia nyuma kabati la mbao lenye visaduku na kifuniko kilichoshuka kuwa meza. Ndani yake mlikuwa na maharage, unga, nyama ya nguruwe ya chumvi, chachu ya mkate iliyolindwa kama mtoto, na kahawa nyeusi nyingi. Kabla ya kulala mpishi alielekeza mti wa kuvutia gari kwenye nyota ya kaskazini, ili hata asubuhi ikiwa na mawingu mnyapara ajue njia ilipo.

Usiku wachungaji walilinda kwa zamu za saa mbili au zaidi, wawili wawili, wakilizunguka kundi kwa pande zinazopishana, nao waliimba. Waliimba tenzi za kanisani walizozijua tangu utotoni, au maneno yoyote yaliyowajia, ili ng'ombe wazoee sauti ya binadamu na wasishtuke mtu anapotokea gizani. Kwetu ni mluzi, lakini mantiki ni ileile. Kundi lililolala lingeweza kukurupuka lote kwa mara moja kwa sababu ya radi, mbweha, au sufuria iliyoanguka, na mchungaji alipaswa kupanda farasi na kukimbia gizani, kwenye ardhi yenye mashimo, hadi awafikie wa mbele na kuwapinda waanze kuzunguka duara mpaka wachoke. Wengi wa waliokufa kazini walikufa hivyo au kwa kuzama mitoni, si kwa kutwangana risasi. Goodnight hakuruhusu pombe wala kamari safarini, na kwa mujibu wa mapatano waliyoyakubali watu wake kabla ya kuondoka, aliyempiga mwenzake risasi angehukumiwa papo hapo na wenziwe na kunyongwa. Hata Abilene, mji uliosifika kwa vurugu, ulipiga marufuku kubeba silaha mjini mwaka 1870.

Katika kazi hii walikuwamo watu ambao filamu za utotoni mwangu hazikuwaonyesha hata mara moja. Ufundi wenyewe ulikuwa wa wachungaji wa Meksiko, ambao Wamarekani walirithi kwao kamba ya kitanzi, namna ya tandiko, suruali za ngozi za kujikinga na miiba, na hata maneno ya kazi, yaliyo ya Kihispania hadi leo. Pia wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa Mweusi, wengi wao wakiwa wamejifunza kuchunga walipokuwa watumwa katika mashamba ya Texas.

Mmoja wao alikuwa Bose Ikard. Alizaliwa utumwani Mississippi, akaletwa Texas akiwa mtoto na familia iliyommiliki, na vita vilipokwisha akaajiriwa katika misafara ya Goodnight na Loving. Goodnight aliishi hadi miaka tisini na zaidi, na alipokuwa mzee alisema kwamba hakuna mtu aliye hai aliyemwamini kuliko Bose. Walipokuwa na fedha nyingi safarini alimkabidhi yeye azibebe, kwa kuwa hakuna mwizi ambaye angedhani kuwa Mtu Mweusi amebeba maelfu ya dola. Ubaguzi wa zama zile ukageuka sanduku la kuhifadhia fedha. Huwa najiuliza Bose alikuwa akiwaza nini usiku, amelalia dhahabu ambayo miaka michache nyuma ingeweza kumnunua yeye.

Loving hakudumu. Mwaka 1867 alitangulia mbele ya kundi na mwenzake mmoja, wakashambuliwa karibu na Pecos na Wacomanche, kabila lingine la wenyeji wa asili, ambao kwao misafara ile ilikuwa ikipita katika ardhi yao bila idhini. Akafikishwa Fort Sumner akiwa na majeraha, jeraha la mkono likaoza, akafa Septemba mwaka huo. Aliomba asizikwe ugenini. Februari 1868 Goodnight aliufukua mwili, vijana wakaponda makopo ya mafuta wakayaunga kuwa bati la kufunikia jeneza, wakajaza mkaa kulizunguka, wakalipandisha garini na kumrudisha Weatherford, Texas, kwa njia ileile waliyoifungua pamoja. Na siye tunasafirisha maiti usiku kucha kutoka Dar es Salaam ili mtu alale kwao. Hapo sikuhitaji kuelezwa.

Kilichoyamaliza maisha haya ni vitu viwili vidogo. Cha kwanza ni kupe. Ng'ombe wa Texas walikuwa wazima kabisa, lakini kila walikopita ng'ombe wa wenyeji wa Missouri na Kansas walikojoa damu na kufa, na wakulima wakaanza kuwazuia njiani kwa bunduki. Hakuna aliyeweza kueleza jinsi ng'ombe mzima anavyoweza kuua wenzake. Mwaka 1893 Theobald Smith na Frederick Kilborne walichapisha uthibitisho kwamba kupe ndiye anayebeba vimelea, naye ng'ombe wa Texas hakuugua kwa sababu aliumwa na kupe tangu akiwa ndama akajenga kinga. Nchini kwetu kila aliyewahi kumleta ng'ombe wa kisasa kijijini akamweka pamoja na wa kienyeji bila josho ameusoma ugunduzi huo kwa gharama yake mwenyewe. Lakini elimu hiyo ilikuja baada ya safari kwisha: mwaka 1885 Kansas ilikuwa imekwisha kupiga marufuku ng'ombe wa Texas katika jimbo zima.

Cha pili ni seng'enge. Joseph Glidden, mkulima wa Illinois, alipata hataza ya waya wake wenye miiba mwaka 1874, na katika muda wa miaka kumi hivi uwanda ambao ulikuwa njia ukawa mashamba ya watu. Reli nayo ikashuka hadi Texas, na kundi likapanda behewa pale pale nyumbani. Kauboi akashuka farasi, akapewa koleo na nyundo ya kukazia waya.

Bose Ikard alikuwa ameacha safari mapema, mwaka 1869, akatulia Weatherford, akaoa, akalea familia. Alifariki Januari 1929, na Goodnight, ambaye naye alifariki mwishoni mwa mwaka huohuo, alimwekea jiwe la kaburi lenye maneno aliyoyatunga mwenyewe: kwamba Bose alitumika naye miaka minne kwenye njia ya Goodnight na Loving, hakukwepa wajibu wala kukaidi amri, alipanda farasi pamoja naye katika mikurupuko mingi ya ng'ombe, alishiriki mapambano matatu na Wacomanche, na mwenendo wake ulikuwa bora sana.

Desemba iliyopita nilimsomea mjomba sehemu kubwa ya haya, tumekaa nje ya zizi, simu mkononi, nikitafsiri pale Kiswahili changu kilipomshinda. Sasa ni mzee na hachungi tena. Anakaa kwenye kigoda na kuhesabu ng'ombe wanaporudi. Habari za Abilene hazikumgusa. Kwenye maili 80 bila maji aliguna. Nilipofika Pecos aliniuliza, kama nilivyotarajia, walifika wangapi, nikamjibu kwamba mamia walibaki njiani, akatikisa kichwa kama aliyepewa taarifa ya msiba wa jirani. Nilimaliza kwa maneno ya jiwe la kaburi la Bose, nikayasoma polepole kwa sababu mimi yananigusa, kisha nikazima simu nikingoja atasema nini.

"Mpwa wangu," alisema, "hebu rudia pale pa ndama na magunia."